Uzi: Zima data, kisha bonyeza F1. Msaada ukigoma kufunguka, soma hapa

MwalimuKisiwani (#1)

Wakuu, habari za jioni.

Nafundisha kompyuta sekondari moja huku Ukerewe. Maabara yetu ina mashine 14. Kumi na moja zina Ubuntu 22.04 (mfumo wa Linux), tatu zina Windows, na zote zina LibreOffice, mkusanyiko wa programu za ofisi, kwa sababu ni ya bure na shule haina fungu la leseni. Mtandao tunao wa kubahatisha: modemu moja, bando la wiki, na jioni mnara ukilemewa hata ujumbe wa WhatsApp unakwama.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikayumba Tanzania, Kenya na kwa majirani. Wengi mnaikumbuka wiki ile. Jumatatu yake nilikuwa na kidato cha nne, tunatengeneza karatasi ya matokeo kwenye Calc, programu ya mahesabu ya LibreOffice. Kazi ilikuwa kuifanya kompyuta yenyewe ipange alama: A kuanzia 75, B 65, C 45, D 30, chini ya hapo F. Binti mmoja akakwama kwenye fomula ya masharti, IF iliyo ndani ya IF nyingine. Nilishawazoesha kwamba mtu akikwama, kabla hajaniita, abonyeze F1. Akabonyeza. Kikaja kidirisha kidogo kinachosema msaada haujasakinishwa kwenye kompyuta hii, na kitufe cha kuusoma mtandaoni. Akabonyeza kitufe kile kama tulivyozoea wote. Brauza ikafunguka, ikazunguka, ikazunguka, kisha ikaleta ukurasa wa kusema hakuna muunganisho.

Akanigeukia: "Mwalimu, msaada haupo."

Alikuwa amesema kweli kuliko alivyojua. Msaada haukuwahi kuwepo. Ubuntu niliiweka ile ndogo, halafu Writer (ya kuandikia) na Calc nikaziongeza moja moja, na kifurushi cha msaada sikukigusa. Miaka miwili kila F1 ya wanafunzi ilikuwa inatoka kisiwani kwenda tovuti ya The Document Foundation, wenye LibreOffice, na kurudi, kwa bando la shule, na mimi mwalimu wao sikuwahi kusoma kile kidirisha kinasema nini.

Sasa dawa yake. Kwenye Ubuntu ni amri moja:

sudo apt install libreoffice-help-en-us

Kama menyu zako ziko kwenye Kiingereza cha Uingereza, mwisho weka en-gb badala ya en-us. Kama mashine haina mtandao kabisa, nenda kwenye mashine nyingine yenye toleo lilelile la Ubuntu na yenye mtandao, andika `apt download libreoffice-help-en-us libreoffice-help-common`, utapata mafaili mawili ya .deb. Yahamishe kwa flashi, kisha yaweke kwa pamoja kwa `sudo dpkg -i` na majina ya mafaili yote mawili.

Kwenye Windows unarudi ukurasa uleule uliposhushia LibreOffice. Chini ya kitufe kikubwa kuna kiungo cha msaada wa ndani ya programu, na faili lake lina neno "helppack" kwenye jina. Angalia namba ya toleo. Msaada na programu lazima vilingane, la sivyo utaweka na bado F1 itakupeleka mtandaoni. Programu yenyewe inazidi megabaiti 300, faili la msaada ni dogo sana ukilinganisha, kwa hiyo bando si kisingizio.

Ukishaweka, chomoa modemu, bonyeza F1. Kipimo ni hicho tu. Ukijaribu ukiwa na mtandao hujajaribu kitu.

Nimefungua uzi huu kwa sababu naamini tatizo si la LibreOffice pekee. Kila mtu aeleze kwenye programu anayoitumia kila siku: msaada wake uko wapi ukiwa huna mtandao?

---

FundiSeva (#2)

Mwalimu, umegusa penyewe. Sisi wa seva tumelelewa na kurasa za `man`, mwongozo wa Unix na Linux unaosomeka kwenye mashine yenyewe. Mwongozo wa kwanza wa Unix ulitoka tarehe 3 Novemba 1971, ulioandikwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie, na mtindo wake ndio tunaosoma mpaka leo: jina la amri, namna ya kuiandika, maelezo, kasoro zinazojulikana. Wakati huo hakukuwa na tovuti ya kumpeleka mtu. Mwongozo ulikuwa sehemu ya mashine.

Nitoe mfano mmoja wa kazini maana ndio ulionifanya niziheshimu. Tulikuwa wilayani, tunaweka seva ndogo ya kumbukumbu, na kijana wetu alipewa kazi ya kupanga chelezo (nakala ya akiba ya data) ifanyike kila siku saa nane usiku. Akaandika kwenye crontab, faili la ratiba linalosomwa na cron, programu ya kuendesha kazi kwa saa zilizopangwa:

0 8 * * *

Yeye kichwani ana saa nane, akaandika 8. Cron inahesabu saa kuanzia 0 mpaka 23, na 8 kwake ni saa mbili asubuhi. Kwa hiyo kila asubuhi watu wakianza kazi mashine inakuwa nzito kama imebeba mawe, na usiku hakuna kinachofanyika. Mtandao pale hakuna. Alikuwa ameandika `man crontab`, akasoma, akaona hakuna maelezo ya namba hizo, akaacha.

Hapo ndipo wengi wanaishia. Kurasa za man zimegawanywa kwa sehemu. Sehemu ya 1 ni amri, sehemu ya 5 ni muundo wa mafaili. Maelezo ya zile nyota na namba yako kwenye:

man 5 crontab

Pale utaona safu ya "hour" imeandikwa 0-23. Sahihi ilikuwa `0 2 * * *`. Hivyo hivyo `man passwd` na `man 5 passwd` ni vitu viwili tofauti.

Usipojua jina la amri unatafuta kwa neno: `man -k` ikifuatiwa na neno lenyewe. Ukiwa ndani ya ukurasa bonyeza mkwaju /, andika neno, ingiza. Herufi n inakupeleka linapotokea tena, q inakutoa.

Na angalizo kwa wanaotumia Ubuntu zilizopunguzwa za seva na kontena: kurasa za man zinaondolewa ili kuokoa nafasi. Utaandika `man ls` na utaambiwa mfumo umepunguzwa, endesha `unminimize`. Amri hiyo inahitaji mtandao. Iendeshe ukiwa bado mjini.

---

BandoLaUsiku (#3)

Mwalimu nakuheshimu, ila naona mnajichosha. Siku hizi simu ya kila mtu ina data. Ukikwama unatafuta, dakika mbili una jibu, tena lenye video. Nani anasoma kurasa ndefu za F1?

---

MwalimuKisiwani (#4)

Mkuu, karibu, na umeuliza jambo la msingi. Acha habari ya gharama, acha habari ya mnara. Chukulia mtandao upo na unakimbia.

Mwaka jana mwanafunzi wangu alitaka kutafuta jina la mtu kwa namba ya mtihani kutoka karatasi nyingine. Akatafuta kwa simu, akapata jibu zuri sana: tumia XLOOKUP. Akaliandika vilevile. Calc ikamrudishia #NAME?. Akafuta, akaandika tena, akahesabu mabano, akamwita mwenzake. Kipindi kizima cha dakika arobaini kikaishia hapo. Jibu la mtandaoni halikuwa na kosa lolote. Ila XLOOKUP iliingia LibreOffice kwenye toleo la 24.8, Agosti 2024, na Ubuntu 22.04 yetu ina 7.3. Kwenye mashine ile fomula hiyo haipo.

Msaada uliosakinishwa pamoja na programu hauwezi kukufanyia hivyo. Unazungumzia toleo ulilonalo mbele yako. Angefungua orodha ya fomula kwenye F1 angeona VLOOKUP ipo na XLOOKUP haipo, basi angejua pa kuanzia.

---

BandoLaUsiku (#5)

Hilo la toleo sikuwahi kulifikiria. Nimekuelewa Mwalimu.

---

DadaTakwimu (#6)

Assalam alaykum. Niko Pemba, nafanya uchambuzi wa data kwa R, lugha ya kompyuta ya takwimu.

Kwanza niwatoe hofu wale ambao wakiona brauza imefunguka wanakimbilia kuifunga wakidhani bando linaliwa. Mwenzangu ofisini alikuwa anafanya hivyo kila mara. Kwenye R ukiandika `help.start()` brauza inafunguka, lakini tazama anwani juu: inaanza na 127.0.0.1. Hiyo ni namba ya kompyuta yako mwenyewe. Ukurasa unatoka kwenye diski yako, unasomeka hata ukiwa katikati ya bahari. Ukiona anwani inaanza na file nayo ni hivyo hivyo, ni faili la ndani. Brauza ni chombo cha kusomea tu.

R ni hodari kwa hili. Kila kifurushi unachoweka kinakuja na maelezo yake. Ukitaka maelezo ya fomula, weka alama ya kuuliza mbele ya jina: `?median`. Chini ya kila ukurasa kuna mifano ambayo unaweza kuiendesha palepale. Na andika `browseVignettes()`, utapata makala ndefu za waandishi wa vifurushi wenyewe, zilizoandikwa kwa kumfundisha mtu kutoka mwanzo. Mimi nimejifunza nusu ya kazi yangu humo, kwenye boti, Wete hadi Unguja.

---

Mchimbaji (#7)

Niko mgodini Kanda ya Ziwa, kitengo cha usanifu. Programu zetu nyingi ni za zamani na misaada yake ni mafaili ya .chm. Naandika hili kwa sababu nimeona watu wawili wakifuta mafaili mazima wakidhani yameharibika.

Unanakili faili la .chm kutoka mashine nyingine au unalishusha mtandaoni. Unalifungua. Upande wa kushoto orodha ya mada imejaa vizuri. Upande wa kulia hakuna kitu, peupe, au maandishi ya kusema ukurasa umesitishwa. Faili ni zima. Windows imelifungia kwa sababu inajua limetoka nje.

Funga faili. Bofya kulia juu yake, chagua Properties, kwenye kichupo cha General shuka mpaka chini kabisa. Utaona kisanduku kilichoandikwa Unblock. Weka tiki, OK, fungua tena. Kurasa zitakuja.

Jambo la pili: usilifungue likiwa kwenye folda ya pamoja ya mtandao wa ofisi. Hapo pia litakuja jeupe hata ukilitolea kizuizi. Lihamishie kwenye diski yako kwanza. Sisi miongozo yote iliwekwa kwenye seva ili kila mtu aione, matokeo yake hakuna aliyeiona, na kila mmoja aliamini mwenzake ndiye aliyeharibu.

---

FundiSeva (#8)

Mchimbaji, ubarikiwe. Nina CHM moja ya swichi ambayo niliitupa mwaka juzi kwa sababu hiyo hiyo.

---

KijanaWaAmu (#9)

Hamjambo nyote. Mimi ni wa Lamu, najifundisha Python, lugha ya kuandikia programu, na stima hapa kwetu ikipotea hupotea na mtandao.

Kwa Python, ukurasa wa nyaraka rasmi una sehemu ya kupakua. Unachukua furushi la HTML, unalifungua kwenye folda, unabofya index.html na una kila kitu pamoja na somo la mwanzo lenyewe. Lakini hata kabla ya hapo Python iliyo kwenye mashine yako ina maelezo ndani. Andika:

python -m pydoc -b

Itafungua brauza (ni ile 127.0.0.1 ya dada wa Pemba) na kukuorodheshea moduli zote ulizonazo, hata zile ulizoziongeza mwenyewe kwa pip, kisakinishi cha Python. Hilo la mwisho ndilo ninalolipenda zaidi.

Wale wa kutengeneza tovuti, kuna DevDocs, ukurasa wa mtandaoni wenye nyaraka za HTML, CSS, JavaScript na mengine mengi, na unaweza kuiambia ihifadhi nyaraka kwa matumizi ya bila mtandao. Lakini zinakaa ndani ya hifadhi ya brauza. Ndugu yangu alisafisha historia ya brauza ili kupata nafasi, na nyaraka zote zikaenda nayo, siku ambayo hatukuwa na kifurushi cha data. Tangu hapo natumia Zeal, ambayo ni programu ya kawaida na nyaraka zake hukaa kwenye folda. Iko kwa Windows na Linux.

Halafu kuna Kiwix. Hii inasoma mafaili ya .zim, na kuna Wikipedia nzima humo, ikiwemo ya Kiswahili, na pia maswali na majibu ya Stack Overflow. Hilo la Stack Overflow ni zito, makumi ya gigabaiti, lakini mkilichukua mara moja mnagawana kijiji kizima. Kiwix iko hata kwa simu za Android.

---

Mchimbaji (#10)

Kijana, hayo mafaili ya .zim nilijaribu kuhamishia kwenye flashi ya GB 64, ikakataa, inasema faili ni kubwa mno wakati nafasi iko tele.

---

KijanaWaAmu (#11)

Flashi yako imepangwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haubebi faili moja lenye GB 4 au zaidi, hata kama flashi ni tupu. Hamisha vilivyomo kwanza, uiumbize (format) upya kwa exFAT, kisha nakili.

---

MamaHesabu (#12)

Mwalimu, nasoma uzi wote na nimeshaweka huo msaada wa LibreOffice kwenye mashine za ofisi yetu ya chama cha akiba na mikopo. Unafunguka. Lakini makarani wangu wawili Kiingereza chao ni cha kusukuma. Hakuna wa Kiswahili?

---

MwalimuKisiwani (#13)

Mama, shikamoo. Menyu za Kiswahili zipo. Kazi hiyo ilianza muda mrefu: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia mradi wa Kilinux kilitoa Jambo OpenOffice, na LibreOffice ambayo ilichipuka kutoka OpenOffice mwaka 2010 bado ina kifurushi cha menyu za Kiswahili. Lakini kurasa zenyewe za F1 kwa Kiswahili hazimo. Hilo linaniuma, na naamini linaweza kufanyika tukikaa watu wachache tukaanza na kurasa hamsini zinazohitajika zaidi.

Kwa sasa mimi nimefanya hivi. Nimechukua kurasa sita ambazo wanafunzi wanazifungua kila wiki (IF, VLOOKUP, COUNTIF, SUM, kupanga kwa herufi, na kuchapisha), nikaziandika upya kwa Kiswahili, nikahifadhi kama PDF, na njia yake ya mkato iko kwenye uso wa kila mashine. Sikutafsiri neno kwa neno. Nimeweka mfano wetu wenyewe, kwa mfano kwenye IF nimeandika:

=IF(C2>=75;"A";IF(C2>=65;"B";IF(C2>=45;"C";IF(C2>=30;"D";"F"))))

na chini yake maelezo: kompyuta inaanza kushoto, ikikuta sharti la kwanza ni kweli inasimama hapohapo, haiendelei. Ndiyo maana 75 inatangulia. Ukianza na 30, mwenye 90 atapewa D. Kurasa za Kiingereza zinatumia nukta-mkato kutenganisha vipande, nami nimeiacha hivyo hivyo kwa sababu Calc inaikubali, na mtoto akihama kutoka karatasi yangu kwenda F1 anakuta alama ileile.

Nikimaliza za mikopo na riba nitakuandalia na wewe, Mama.

---

MamaHesabu (#14)

Marahaba mwanangu. Za riba ndizo hasa. Nitakutumia namna tunavyokokotoa ili mfano uwe wetu.

---

MwalimuKisiwani (#15)

Wakuu, nimerudi na matokeo. Jumamosi nilichomoa modemu nikapita mashine moja moja nikibonyeza F1.

Kati ya 14, kumi na moja zilifungua msaada mara ya kwanza. Moja ya Windows iligoma kwa sababu ya toleo: programu ilikuwa imesasishwa, msaada ukabaki wa zamani. Nimeshushia mpya, imekaa sawa.

Mbili za Ubuntu zilinichukua asubuhi nzima. Kifurushi kimewekwa, faili nimeliona kwa macho yangu kwenye /usr/share/libreoffice/help, lakini Firefox inasema faili halipo. Kumbe mashine hizo mbili pekee ndizo zilizobaki na Firefox ya snapu, ile inayokuja na Ubuntu 22.04. Nyingine nilishaziwekea brauza tofauti kwa sababu snapu ilikuwa inachelewa kufunguka. Snapu ni aina ya kifurushi cha programu kilichowekewa uzio, haioni kila folda ya mfumo. Nikaweka Falkon, brauza nyingine, kwa apt, nikaifanya kuwa brauza ya kwanza, F1 ikafunguka. Mwenye Ubuntu aanzie hapo asije akapoteza saa tatu kama mimi.

Pia nimeongeza `man` ya sehemu ya 5 kwenye somo la kidato cha tatu, FundiSeva. Niliwapa swali la saa nane usiku. Wanafunzi 9 kati ya 32 waliandika 8, na wote tisa walijisahihisha wenyewe baada ya kuusoma ukurasa.

---

MsafiriBunda (#16)

Mwalimu, niko Bunda, shule yetu ina mashine nane za Ubuntu hiyohiyo ya 22.04 na hakuna mtandao kabisa. Naweza kupata hayo mafaili ya .deb na hizo PDF zako za Kiswahili?

---

MwalimuKisiwani (#17)

Unapata. Ijumaa navuka kwenda Mwanza na kivuko cha asubuhi. Njoo na flashi ya GB 64 iliyoumbizwa exFAT, nikuwekee na Kiwix yenye Wikipedia ya Kiswahili. Kabla hujatoka angalia LibreOffice yako ni 7.3 ngapi, na kama menyu ni za Kiingereza cha Marekani au cha Uingereza, uniandikie kwenye ujumbe wa ndani.